Ratili za Kumleta Pritam Kaur

Julai 3

Naanza daftari hili leo kwa sababu nina maneno mengi na watu wa nyumba hii wamechoka kunisikiliza. Mimi ni Bachint Kaur, miaka sabini na tatu, darasa sijalikanyaga. Herufi nilifundishwa na wanawake wenzangu wa hekaluni hapa ng'ambo, Abbotsford, uzee ukiwa umeshaingia, ili sala nizisome mwenyewe badala ya kuitikia tu kama kasuku. Mwandiko wangu ni nyayo za kuku. Anayeona vibaya afumbe macho.

Habari yenyewe: tunamleta Pritam Kaur! Ni mama wa mkamwana wangu Narinder. Amefiwa na mume, hana mtoto mwingine, yuko peke yake kwetu Punjab na nyati mmoja wa maziwa na nyumba yenye vyumba saba. Mwanangu Lakhvir na Narinder ndio watakaomdhamini. Ila serikali haimwachii mtu kudhamini kwa mapenzi tu. Inataka mapato ya mke na mume yafike kiwango, miaka mitatu mfululizo. Miwili tumefika. Huu ndio wa tatu, na ndio Lakhvir kaumia mgongo, lori limelala uani tangu Aprili, na daktari kasema asiliendeshe mpaka Oktoba.

Leo tumekwenda kwa mhasibu, Bwana Toor. Amehesabu mpaka Desemba, akasema tumepungukiwa dola elfu nne na mia moja.

"Kiwango kinakwenda kwa vichwa, Mama," akaniambia. "Wao wawili, watoto wawili, Pritam Kaur, na wewe. Sita."

"Mimi nina miaka tisa hapa. Bado nahesabiwa?"

"Lakhvir alipokudhamini alitoa ahadi ya miaka ishirini."

"Nikifa je? Kiwango kinashuka?"

"Mama!" Lakhvir akaruka mpaka mgongo ukamkumbusha.

"Nauliza tu. Mtu akienda dukani huuliza bei zote."

Narinder hakucheka. Alikuwa anatazama ile karatasi kama mtu anayetazama mlango. Nikamwambia, "Bluberi zinaiva wiki hii, mwanangu. Elfu nne ziko vichakani. Ni kuzichuma tu."


Julai 5

Mnyapara Jagtar amepiga simu. Jumatatu gari litapita saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimetoa ndoo zangu, nimezisugua zikang'aa. Sina usingizi kwa furaha.


Julai 7

Wacha niandike kabla mgongo haujakauka! Safu ndefu, vichaka vimenizidi kimo, matunda yananing'inia kama shanga za bibi harusi. Unajifunga ndoo kiunoni, mikono miwili inabaki huru, kazi inakuwa kama kukamua: vidole vinajikunja, bluberi zinaanguka zenyewe. Ile mbichi yenye wekundu unaiacha. Senti sabini kwa ratili.

Narinder anafanya kazi kwenye nyumba ya vioo ya maua mpaka saa nane mchana. Akitoka huko anakuja moja kwa moja na nguo zake za kazi, anachuma mpaka jua linapolegea. Jumamosi na Jumapili tutakuwa pamoja kutwa.

Wenzangu ni wale wale wa kila mwaka. Gurmej, mkubwa wa mdomo, aliniona tu akapaza sauti: "Jamani, bingwa kafika! Mfiche matunda!"

"Wewe fika mizani kwanza," nikamwambia, "mwaka jana ulikula nusu ya ndoo."

"Nilikuwa naonja."

"Ulionja mpaka ulimi ukawa wa buluu kama kilemba cha kuhani wetu."

Kwenye mizani tukamimina pamoja, mimi na Narinder, kama tunavyofanya siku zote. Jagtar akapiga alama kwenye kadi. Ratili mia mbili kumi kwa siku ya kwanza. Elfu nne tutaimaliza kabla ya Septemba, nawaambieni.


Julai 8

Vidole vinauma. Mia moja na themanini.


Julai 13

Jumapili. Wawili wetu kutwa: mia nne na ishirini! Gurmej hasemi nami.


Julai 19

Tumempigia Pritam Kaur. Nitasema ukweli kwa sababu daftari ni langu: huyu mwanamke sikuwahi kumpenda. Siku ya harusi, miaka kumi na minane iliyopita, alinitazama juu mpaka chini akamwambia shangazi yake, "Binti yangu anakwenda kwa watu wa kelele." Nilimsikia. Nilikuwa nimesimama karibu na ngoma, na bado nilimsikia.

Leo Narinder kamwambia tunachuma ili aje. Pritam Kaur akauliza, "Na mama mkwe wako anachuma pia?"

Nikachukua simu. "Nachuma, dada. Tena kwa kelele."

Nadhani alicheka. Au ni nyati.


Julai 27

Joto. Tumeanza alfajiri tukafukuzwa na jua saa saba, matunda yanalainika mkononi. Mwanamke mmoja wa safu ya pili ameanguka, tukammwagia maji, akaamka akauliza nani kachukua ndoo yake.


Agosti 2

Narinder amelala mezani na kijiko mkononi, mbele ya dengu yake. Nimemtazama. Miaka kumi na minane tangu nimwoze kwa mwanangu, hajawahi kuniomba kitu. Si bangili, si nguo, si siku moja ya kupumzika. Nilidhani ana kiburi. Nilikuwa nawaambia watu hivyo: mkamwana wangu hana shida, ila ana kiburi cha mama yake. Sasa nawaza, labda ni mtu aliyekuwa anaweka akiba ya maombi yake yote kwa ajili ya ombi moja.

Nimemvua viatu. Hakuamka.


Agosti 9

Mungu wangu. Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Tulikwenda kwa Bwana Toor na hundi zetu za wiki tano, tumevaa vizuri, mimi nimebeba hata vitamu vya ladu kwenye kopo kumtuliza. Jumla, kwa kuwa joto na safu mbichi zilituzuia siku nyingi, dola elfu mbili na mia tatu na kumi na mbili. Nilikuwa nimekaa kama malkia. Bwana Toor akazifungua moja moja. Akavua miwani. Akaivaa tena.

"Za Narinder ziko wapi?"

"Ndizo hizo," nikasema.

"Mama, hizi zote zimeandikwa Bachint Kaur."

"Ndiyo. Kadi ni yangu. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba."

Na hapo ndipo nilipoona uso wake, nikaelewa kabla hajasema.

Ni hivi. Kwetu wanawake wa nyumba moja humimina mizani moja, na kadi huwa ya mkubwa. Hakuna anayefikiri. Mkamwana kutoa kadi yake mwenyewe ni kama kupika chungu chake pembeni. Watu watasema nyumba imepasuka. Msimu wa kwanza Jagtar aliandika jina langu, na kila mwaka anatoa kadi ile ile. Mwaka huu pia. Tukamimina pamoja, tukaimba, tukahesabu.

"Mapato yako hayahesabiwi," akasema Bwana Toor taratibu. "Ni ya mdhamini na mwenzi wake tu. Wewe unahesabiwa kama kichwa, lakini si kama mfuko."

"Kwa hiyo tumefikia wapi?"

"Palepale. Elfu nne na mia moja."

Wiki tano! Vidole vya Narinder vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na kwenye karatasi hajachuma hata tunda moja.

Nilitaka apige kelele. Mimi ningepiga. Yeye alikusanya zile hundi, akazinyoosha, akanipa. "Ni zako, Mama," akasema. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonichoma.

Ndani ya gari nikaanza kuhesabu jambo jingine. Misimu minane. Misimu minane nimeitwa bingwa pale mizani, nimepigiwa makofi, nimemcheka Gurmej. Na kila siku ndoo za Narinder zilikuwa ndani ya jina langu. Nusu ya ubingwa ni wake. Zaidi ya nusu, kwa kuwa mimi huongea na yeye huchuma.

Nikamwambia hivyo. Nikamwambia, "Nimekula jina lako, mwanangu."

"Mama, sikuwa na kazi nalo."

"Sasa unayo. Kuanzia kesho."


Agosti 10

Nimemkamata Jagtar kabla hajashuka kwenye gari.

"Kadi mpya. Narinder Kaur. Jina kamili."

Akashtuka, akatazama huku na huku. "Mmegombana, Mama?"

"Tukigombana utatusikia kutoka kwenu. Andika."

Nilipomweleza, akashusha sauti kama mtu anayeuza nyoka. "Mbona rahisi? Nitazigeuza zile za nyuma, zote ziwe zake. Na kuanzia leo ndoo zako mimina kwenye kadi yake. Ukitaka nitaongeza ratili chache za hewa. Nani atajua?"

Nasema ukweli: moyo wangu uliruka. Elfu mbili na mia tatu zinarudi kwa kalamu moja! Nilifungua mdomo niseme ndiyo.

Narinder alikuwa nyuma yangu. "Kaka Jagtar, katika zile, zipi nilichuma mimi?"

"Nitajuaje? Mlimimina pamoja."

"Basi hata mimi sijui. Nikiweka sahihi chini ya hesabu nisiyoijua, na siku moja mtu wa serikali akaniuliza, nitasema nini? Wakishika uongo mmoja, mama yangu haji tena. Si mwakani, si milele."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Jagtar akakuna kidevu. Nikafunga mdomo wangu, jambo ambalo Gurmej anasema ni mara ya kwanza.

Kadi imeandikwa. Leo, peke yake kutwa, Narinder kapata mia mbili na sabini. Mimi sikuchuma. Nilimbebea ndoo zilizojaa mpaka mizani, nikamletea tupu, nikamletea chapati na achari kichakani asiache safu.

Gurmej akaita, "Tazameni dunia! Mama mkwe amekuwa punda wa mkamwana!"

"Punda bingwa," nikamjibu. "Kanyaga pembeni nipite."


Agosti 11

Nimepiga hesabu kwa maharage mezani. Wiki tatu na nusu zimebaki, kama mvua haitakuja mapema. Narinder peke yake, hata akiacha kulala, hafiki elfu mbili.

Nikainua macho. Lakhvir alikuwa kwenye kiti chake cha mgongo, anatazama mieleka.

"Daktari alisema usifanye nini?"

"Nisiendeshe lori. Nisiinue kitu kizito."

"Alisema nini kuhusu vidole?"

Akaanza kunielewa. "Mama, hapana. Pale ni wanawake na wazee tupu. Madereva wenzangu wakiniona nimefungwa ndoo kiunoni..."

"Jina lako linahesabiwa, Lakhvir! Langu halihesabiwi. Nimekaa na pesa ya Pritam Kaur sebuleni wiki tano, nikiipelekea chai!"

"Mgongo..."

"Utakaa kwenye kreti. Utachuma matawi ya chini, ambayo sisi tunayaacha kwa sababu yanatuvunja. Ndoo nitabeba mimi. Mke wako anachuma ili amlete mama yake. Wewe mama yako yuko hapa, bure, kila siku, anakupigia kelele. Umemchumia nini?"

Akazima televisheni.


Agosti 12

Lakhvir Singh, dereva wa lori la magurudumu kumi na nane, ratili sitini na tatu. Amelia mara mbili, mara moja ni kwa nyuki.


Agosti 14

Mia moja kumi! Wanawake wamempenda. Wanamwita "bibi harusi" na kumfundisha. Gurmej mwenyewe kamwonyesha namna ya kuviringisha vidole, kisha akanigeukia: "Huyu ana mkono, Bachint. Hakuutoa kwako."

Kadi tatu sasa. Narinder, Lakhvir, na yangu imelala mfukoni kama paka mzee.


Agosti 17

Lakhvir mia na themanini, Narinder mia mbili na tisini. Wanashindana! Wanarushiana matunda mabichi kama vijana. Niligeuka nikajifanya nakohoa.


Agosti 20

Pritam Kaur kanipigia mimi. Si bintiye, mimi. Nilidhani kuna msiba.

"Dada," akasema, "waache wapumzike. Mimi siji."

"Umeumwa na nini?"

"Na aibu. Nitakaaje nyumba ya binti yangu? Nitakulaje mkate wake? Mama yangu hakunywa hata maji kwangu, akija alibeba chupa yake. Watu watasema Pritam kazeeka akawa ombaomba wa mkwe."

Mila hiyo naijua, na mimi nimeishika. Binti ukishamwoza, kwake huli. Enzi zetu ningemsifu. Lakini nilikuwa nimetoka kumpaka Narinder mafuta kwenye vidole, na mafuta yalikuwa bado mikononi mwangu.

"Sikiliza, mwanamke," nikasema. "Nyumba hii si ya binti yako wala si ya mwanangu, ni ya benki. Na hakuna anayekula bure hapa. Mimi ni mama wa mwenye nyumba na leo nimebeba ndoo arobaini na moja. Wewe unaona aibu ya mkate. Binti yako anasinzia juu ya dengu kwa ajili yako. Aibu ipi kubwa?"

Simu ikakatika.

Sikumwambia Narinder. Nimekaa na neno hili kama kaa la moto mdomoni, na wao wanachuma wakicheka.


Agosti 24

Mvua. Matunda yanapasuka yakinyeshewa. Tumekaa chini ya turubai tunatazama dola zikidondoka.


Agosti 25

Mvua.


Agosti 26

Jua! Chuma, chuma, chuma. Kumebaki dola mia tisa na thelathini kwa hesabu ya maharage.


Agosti 28

Jagtar katangaza. Mwenye shamba ameona mvua nyingine inakuja, analeta mashine Jumatatu. Lile dude refu linalopita juu ya safu na kuvitikisa vichaka, kwa siku moja linamaliza kazi ya wiki yetu. Likiingia, mikono haina kazi. Tuna siku tatu. Kumebaki dola mia sita na arobaini.

Narinder ameomba ruhusa kwenye maua kesho Ijumaa.


Agosti 30

Jana wawili wao ratili mia nne na kumi. Leo mia nne na arobaini. Safu zimekwisha ubora, unatafuta tunda kama unatafuta chawa. Kumebaki dola arobaini na tano. Jagtar anasema mashine imeshashushwa langoni.


Agosti 31

Tulifika gizagiza. Mawingu chini kabisa, yamegusa milima. Jagtar akasema tuna mpaka mvua, si zaidi.

Dola arobaini na tano ni ratili sitini na tano. Ni kitu gani, sitini na tano? Wiki iliyopita Narinder alizipata kabla ya chai. Lakini leo safu zilikuwa zimechumwa mara tatu. Saa moja nzima, wawili wao, ratili kumi na nane.

Gurmej akaja na ndoo yake. Akaiangalia, akaniangalia. "Nimimine kwenye kadi ya mtoto?"

"Hapana, shoga. Asante. Lazima ziwe zao."

"Basi waje safu yangu." Na huyo ndiye Gurmej, aliyeninunia kwa sababu ya ratili, kaondoka kwenye safu nzuri kuliko zote, ile ya kando ya mfereji ambayo alikuwa ameificha tangu Julai! Akawaita wengine: "Ondokeni, ondokeni, wenye mama wanapita!" Wanawake wakasogea mmoja mmoja, kila mmoja akionyesha kwa kidole kichaka alichokuwa amekiweka akiba. Huku kuna tawi. Hapa chini, bibi harusi, inama. Nyuma ya jani.

Nilikimbia. Miaka sabini na tatu, nilikimbia na ndoo. Tone la kwanza lilinipiga shingoni kati ya safu na mizani.

Narinder: thelathini na tisa. Jagtar akapiga alama. Lakhvir: ishirini na nane.

"Jumlisha," nikasema.

"Sitini na saba, Mama."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka dereva wa mashine akashuka kuuliza nani anaolewa. Narinder alisimama kwenye mvua, mikono ya buluu mpaka viwikoni, akalia kwa sauti. Kwa sauti! Nikamshika. "Ndiyo hivyo," nikamwambia, "sasa umekuwa mtu wa kelele."


Septemba 4

Bwana Toor kahesabu mara mbili, na mara ya tatu kwa sababu nilimtaka. Lakhvir akirudi kwenye lori Oktoba, na maua yakiendelea, tumekivuka kiwango kwa dola moja na senti tisini. "Nyembamba," akasema. Nikamwambia hata uzi ni mwembamba na unashona shuka.

Tulipofika nyumbani Narinder akapiga simu Punjab. Mimi nikajikalisha karibu, kwa kuwa nilijua mama yake alivyokataa na yeye hakujua. Akamweleza yote: kadi, kreti, mvua, safu ya mfereji. Akasema, "Tumefika, Mama." Kisha akasikiliza muda mrefu sana, akanipa simu.

"Anakutaka wewe."

Nilisikia nyati kwa mbali.

"Dada Bachint," akasema Pritam Kaur, "nieleze jambo moja. Hayo matunda nitayachuma kwa mkono upi?"

"Kwa yote miwili, mwanamke wewe!" nikapiga kelele. "Kwa yote miwili!"